Mukeke wa Mchana wa Ramadhani

"Mwantum, uko wapi?"

"Niko jikoni, nakatakata kitunguu ya pilau. Mbona unaongea polepole hivyo, Hayat, sawa muizi?"

"Kaa chini kwanza."

"Nikae wapi na kisu mu mukono? Sema."

"Bwana yako iko hapa Mutanga Nord. Mu ka resto kamoja. Anakula."

Ilikuwa saa saba na nusu ya mchana, siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, na mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa umefunga, kuanzia mafundi wa magari mpaka wauza vipuri. Swali lililomtoka Mwantum lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Anakula nini?"

"Mwantum!"

"Mi nakuuliza, anakula nini?"

"Mukeke. Muzima, na kichwa yake. Na lengalenga pembeni. Na bibi mwenye resto amekaa mbele yake, anamuangalia vile anakula, sawa mama na mutoto wake."

"Bibi gani?"

"Sasa umeuliza swali ya mana! Mi simujui. Bado kijana, amefunga kitambaa ya jikoni. Mi nilikuwa napitisha vitenge yangu kwa wateja, nikachungulia kwa pazia, nikamuona Rachidi. Wallahi ni yeye. Nimeona na macho yangu mbili."

"Samaki amemaliza?"

"Amebakisha mifupa."

Simu ikakatika, maana salio la Hayat, rafiki wa Mwantum, lilikuwa la kuazima. Mwantum akabaki na kisu mkononi na machozi ya kitunguu mashavuni, asijue yapi ni ya kitunguu na yapi ni yake.

Tatizo lilikuwa hili: hakujua aanze na kosa lipi. Mume akikusaliti, unalia. Mume akila mchana wa Ramadhani bila sababu, unamwombea kwa Mungu. Lakini mume aliyefanya yote mawili kwa mpigo mmoja, na samaki mkononi, huyo unamfanyia nini? Na kulikuwa na kosa la tatu, ambalo aliona aibu kulitaja, ingawa ndilo lililomuuma kuliko mengine. Rachidi alikuwa amemaliza samaki mzima. Nyumbani kwake, huu mwezi wa tatu sasa, alikuwa anakula vijiko vitatu na kusema ameshiba.

Ili uelewe maumivu hayo, lazima ujue walivyokutana. Mwantum alikuwa ametoka na Hayat kula mishopo, nyama ya kuchoma ya vijitini, na kwenye meza ya pili aliketi fundi mmoja mwenye mikono ya grisi iliyogoma kutoka, anakula nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma huku amefumba macho. Mwantum akacheka.

"Unacheka nini, dada?"

"Nacheka vile unakula. Sawa mutu anaomba dua."

"Onja kwanza, kisha ucheke."

Akamsogezea sahani. Mwantum akaonja, na kweli hakucheka tena. Tangu siku hiyo uchumba wao ukawa wa kula. Walikula sambusa za Buyenzi zikiwa bado zinachoma vidole. Walikula visamaki vya ndagala vya kukaanga wakibishana ndimu ziwe mbili au tatu. Walikwenda mpaka Zone Industrielle, nyuma ya maghala, kwa mama mmoja anayewapikia wabeba mizigo maharage ya mawese, na huko, kwenye benchi la mbao, Rachidi akamwambia anataka kumuoa.

Mwantum alikuwa mjane. Mume wake wa kwanza, Massoudi, aliugua mwaka mzima kabla ya kufariki. Kwa hiyo alimjibu Rachidi bila kuzunguka.

"Mi nimepikia mugonjwa mwaka muzima, Rachidi. Mboga bila chumvi, uji bila kitu. Kila kijiko nahesabu, na mutu anazidi kuisha. Sitaki kurudi kule. Mi sasa nataka mutu wa kula."

Rachidi akachana chapati vipande viwili, akampa kikubwa.

"Basi umemupata," alisema.

Wakaoana. Sasa ni mwezi wa tano wa ndoa, Ramadhani yao ya kwanza, na mtu wa kula alikuwa anakwenda kula kwa mwanamke mwingine.

Jioni ile Mwantum alitandika mkeka kama kawaida. Tende, sambusa, pilau, tambi za sukari zenye iliki, juisi ya marakuja. Mama Rachidi, mama mkwe aliyeishi nao uani, alikuwa ameshakaa. Rachidi akaingia dakika mbili kabla ya adhana, amekonda, shati limemning'inia mabegani.

Mwantum akachukua birika amnawishe mikono. Akainama karibu zaidi ya ilivyohitajika. Sabuni ilinukia sana, na chini ya sabuni kulikuwa na ndimu, na chini ya ndimu kulikuwa na samaki.

Adhana ikaita. Rachidi akachukua tende moja, akaikata katikati, akala nusu. Maji. Kisha pilau: kijiko, kijiko, kijiko.

"Hii pilau, Mwantum, inaweza kufufua mutu."

"Sasa mbona haikufufui we?"

Mama Rachidi akainua kichwa.

"Kweli, mutoto. Ramadhani zingine ulikuwa unatafuta mpaka ukoko ya chini. Una nini?"

"Nimechoka tu, mama. Kazi ni mingi ku garage."

"Leo ulishinda ku garage?" Mwantum aliuliza.

"Ego. Mchana nilitoka kidogo, kutafuta piesi ya gari."

"Wapi?"

"Kule juu."

"Kule juu wapi?"

"Mwantum, ni piesi. Ukitaka nitakuletea uione."

Aliisema kwa utani, lakini hakumtazama usoni. Mwantum akamsogezea bakuli la tambi. Rachidi akalitazama bakuli kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Akameza mate na kusema ameshiba, kisha akaondoka kwenda msikitini kuswali tarawehe. Umeme ulikuwa umerudi baada ya siku mbili, hivyo akaiacha simu yake dirishani inywe chaji.

Mwantum hakuwa mwanamke wa kupekua simu. Aliapa baadaye kwamba alikuwa anafuta vumbi tu. Vumbi gani, sisi hatukuliona. Simu ikalia, kioo kikawaka, na ujumbe ukajisoma wenyewe mbele ya macho yake:

"Rachidi, kesho nitakuwekea mukeke ya mvuke. Kuja saa sita kamili, usichelewe tena sawa leo. Niliogopa sana. Na umwambie bibi yako. Mi nimechoka kubeba hii siri. Nella."

Akausoma mara nne. Kila mara ulizidi kuwa mgumu. Mwanamke wa pembeni hutaka siri ikae, si ndiyo kazi yake? Huyu alitaka mke aambiwe. Na alikuwa ameogopa nini? Akampigia Hayat.

"Soma tena pale mwisho," Hayat alisema.

"Umwambie bibi yako. Nimechoka kubeba hii siri."

"Basi imekwisha. Anataka kuolewa."

"Ataolewaje? Jina ni Nella, huyu ni Mukristo."

"Atasilimu! We unafikiri ni wa kwanza? Atakuwa bibi wa pili, na atakuja hapa na mukeke yake, na we utabaki na pilau yako."

"Hayat."

"Nini?"

"Mbona amekonda? Mutu mwenye kupenda anakondaka?"

Usiku ule Mwantum hakulala vizuri. Rachidi aliporudi kutoka msikitini, alimpangusa mke wake jasho kwenye paji la uso na kumuuliza kama yuko sawa. Sauti yake ilikuwa ya upendo mtupu, na hilo likamchanganya zaidi. Angekuwa amebadilika, angekuwa mkali, ingekuwa rahisi kumchukia.

Kesho yake Mwantum alijifunga mtandio na kutoka saa tano. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini, magari yamepanga foleni kwenye vituo tangu juzi, kwa hiyo akapanda kwa miguu. Jua lilikuwa kali, koo limekauka. Njia nzima alipanga maneno. Alipanga ya kumwambia Nella na ya kumwambia Rachidi, akapanga na ya kumwambia baba yake atakaporudi na begi. Na katikati ya kupanga, wazo moja likawa linamkatiza: hata Rachidi hana mafuta. Hata yeye anatembea njia hii, kwenda na kurudi, kila siku, kwa ajili ya samaki. Ni mapenzi gani haya yanayomtembeza mtu hivi?

Resto yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza tano, vitambaa vya plastiki vyenye maua, na pazia la kijani mlangoni. Ndani kulinukia vitunguu saumu, nyanya na moshi wa mkaa. Kwenye jiko kubwa maharage yalichemka polepole, na juu ya chungu cha pili mukeke wawili walilala kwenye mvuke, wamefunikwa seleri na ndimu. Mwantum alifunga, lakini pua yake haikufunga. Akajikuta anakubali, kwa uchungu mkubwa, kwamba huyu mwanamke anajua kupika.

"Karibu, dada. Unakula hapa ao unabeba?"

"Sili. Nimefunga."

"Ah. Basi unatafuta mutu?"

"Natafuta bwana yangu. Anakulaka hapa."

Nella akaweka mwiko chini taratibu.

"We ni Mwantum."

"Ni mi."

"Mungu ashukuriwe!" Nella alisema, akamshika mikono yote miwili. "Hatimaye amekuambia!"

Mwantum akaitoa mikono yake. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yanasubiri mwanamke mwenye kiburi, si huyu anayemshukuru Mungu.

"Hakuniambia kitu. We ndio utaniambia. Unamupenda?"

"Nani?"

"Bwana yangu!"

"Mana yanje!" Nella alishika kiuno. "Dada, mi niko na bwana yangu. Anaitwa Astère, iko pale nyuma anapasua kuni. Nimuite?"

"Sasa siri gani unachoka kubeba? Unaogopa nini akichelewa?"

"Muulize yeye. Aliniapisha. Mi nimetafuta kila siku namna ya kumusukuma akuambie, lakini mudomo si yangu."

Pazia likasogea. Rachidi akaingia.

Jambo la kwanza Mwantum aliloliona ni jasho. Halikuwa jasho la jua; lilikuwa jasho la baridi, limemtiririka mpaka shingoni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akamwona mke wake, akafungua kinywa, na badala ya kusema akashika ukingo wa meza.

"Mwantum..."

"Mukae wote wawili!" Nella alikuwa ameshaleta sahani. "Kula kwanza, Rachidi. Mutagombana kisha. Dada, nakuomba, mwache ale kwanza."

Rachidi akakaa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua kando ya sahani. Ndani kulikuwa na vidonge viwili.

Mwantum alivijua kabla hajavisogelea. Vikubwa, vyeupe, virefu kidogo. Mwaka mzima alivipanga kwenye kisahani, asubuhi na jioni, kwa mume wake wa kwanza. Angeweza kuvitambua gizani kwa kidole.

Akavuta kiti, akakaa.

"Toka lini?"

"Mwezi wa pili kisha ndoa."

"Sukari."

"Sukari."

"Na mi nakupikia tambi za sukari."

"Unazipika muzuri sana."

"Nyamaza."

Rachidi akala. Mwantum akamtazama anavyochambua samaki kwa vidole vinavyotetemeka, na vidole vikaanza kutulia kidogokidogo. Nella alikaa pembeni akimwangalia vilevile kama Hayat alivyosema, mama na mtoto wake, na sasa ilieleweka anaangalia nini. Alikuwa anahakikisha haanguki.

"Juzi alianguka pale mulangoni," Nella alisema polepole. "Na jana alichelewa saa nzima, nikajua amebaki ku njia. Baba yangu alikuwa na hii ugonjwa, naijua. Mi namupikia tu vile nilikuwa napikia baba."

"Dokta alisema nini juu ya kufunga?" Mwantum aliuliza, macho kwa mumewe.

"Alisema nisifunge."

"Na Mungu naye alisema mugonjwa asifunge. Ulisoma madrasa, we si mutoto. Sasa ulikuwa unamuficha nani? Mungu?"

"Apana."

"Mama?"

"Apana."

"Nani?"

"We."

Nella akainuka bila kelele, akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Uliniambia hutaki tena mugonjwa," Rachidi alisema. "Pale Zone Industrielle. Mi nilikuwa na chapati mu mukono nikakuambia umepata mutu wa kula. Mwantum, miezi mbili kisha ndoa! Ningerudi nyumbani niseme nini? Kwamba nilikudanganya? Nilikuwa nasema, nitaishinda polepole, hatajua. Kisha Ramadhani ikaingia. Buyenzi kila mutu ananijua, nitakula wapi mchana? Nikaja huku mbali."

"Ku miguu."

"Mafuta hakuna."

"Ku juwa hii. Na sukari."

"Ego."

Mwantum alitaka kumpiga. Alitaka pia kumfuta jasho. Alitaka arudi nyuma mpaka jana, wakati adui alikuwa mwanamke aliyefunga kitambaa cha jikoni, kwa sababu mwanamke unaweza kumtukana. Kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno ya wivu, hakikuwa na hata neno moja la ugonjwa.

"Maliza chakula yako," alisema, akasimama. "Mi sikatishi mutu kula."

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

Na kweli hakujua. Alikwenda mpaka Buyenzi, akapita mbele ya nyumba yake bila kuingia, akaishia kwa Hayat. Jioni akafturu huko kwa tende na maji, simu ikiwa kwenye mapaja, ujumbe wa Rachidi ukiingia.

"Mwantum, uko wapi? Mama anauliza."

"Kwa Hayat."

"Utarudi?"

"Sijui."

"Nisamehe. Sikuacha chakula yako juu siipendi. Kila jioni nikitoka pale ku mkeka nilikuwa nataka kulia sawa mutoto. Mukeke ya Nella ni tamu, sitakudanganya tena. Lakini pilau yako naota."

Hayat, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake bila aibu yoyote, akapuliza pumzi.

"Sasa hasira ni ya nini? Hana mwanamke!"

"Mwanamke ningemufukuza. Hii naifukuza namna gani?"

"Mwantum..."

"Naogopa, Hayat." Sasa alilia wazi, bila kitunguu chochote. "Nilizika moja. Nilimuona anaisha mbele yangu. Siwezi tena. Nampenda, na sitaki kumuona anaisha."

"Massoudi naye alikuficha?"

"Massoudi hakuficha kitu. Massoudi alikataa. Nikimupikia bila chumvi anasukuma sahani. Dawa anatupa kwa dirisha. Nilikuta mandazi ndani ya mto wake, Hayat. Ndani ya mto! Aliniambia bora afe ameshiba."

Hayat akachukua ile simu, akausoma tena ujumbe wa Rachidi.

"Na huyu," alisema, "anatembea mpaka Mutanga Nord, ku juwa, kila siku, kwenda kula mboga bila chumvi. Kisha anarudi kutengeneza magari."

Mwantum akafuta pua kwa mtandio. Alirudi nyumbani jioni ileile, akapita mbele ya Rachidi na kulala upande wake wa kitanda, akiwa amemgeuzia mgongo.

Kesho yake saa nne aliwasha mkaa uani.

Moshi wa saa nne, katika Ramadhani, Buyenzi, ni habari. Jirani wa kushoto akatoka kuanika nguo ambayo ilikuwa imeshakauka. Jirani wa kulia akafungua dirisha. Mwantum hakumjali yeyote. Alikaanga kitunguu kwa tone la mafuta, akatia saumu, tangawizi, nyanya mbili, seleri, pilipili moja nzima. Akatia kuku aliyemtoa ngozi. Chumvi akaichukua kwa ncha ya vidole, akaitazama, akarudisha nusu. Pembeni akapika lengalenga na kipande cha ndizi mbichi, kimoja tu, alichokipima kwa jicho lililozoea. Hakuweza kumeza hata tone, kwa hiyo alipika kwa pua. Alikuwa anaogopa vibaya. Alikuwa ameapa hatapika hivi tena maishani, na mikono ilikumbuka kila kitu.

Saa sita kasoro robo akapiga simu.

"Kuja ukule."

"Wapi?"

"Kwako."

"Mwantum, watu wataona..."

"Waone. Uko na dakika kumi. Ikipoa naimwaga."

Rachidi alifika kwa dakika sita, na grisi mikononi. Alipoona kigoda uani, meza ndogo na sahani iliyofunikwa, mchana kweupe, akasimama kama aliyeitwa polisi. Na hapo mlango wa nyuma ukafunguka.

"Mwantum," Mama Rachidi alisema, "nanusa kuku. Ni nani anakula saa sita mu hii nyumba?"

Mwantum akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama mume wake, akaamua kwamba hili hatambebea. Kama Rachidi angesema uongo mwingine hapo, hata mdogo, hata wa kumfurahisha mama, yeye angechukua begi. Alijua hivyo kwa uhakika, na ndilo jambo pekee alilolijua siku zile tatu.

Jirani wa kushoto akaacha kuanika.

"Ni mi, mama," Rachidi alisema. "Niko na sukari. Miezi tatu sasa. Sikufunga hata siku moja."

Mama Rachidi akamtazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Ulikuwa unakula wapi?"

"Mutanga Nord."

"Mungu amekupa ruhusa, na we ukaenda kuitumia ku kujificha sawa muizi?" Sauti ikapanda, halafu ikavunjika. "Mi nilikuona unakonda. Kila siku nakusomea dua ya uchawi! Nilifikiri wamekuroga, kumbe ni sukari?"

"Nisamehe, mama."

"Na fidya, masikini wa kulisha kwa kila siku unakula, unamulisha nani?"

"Bado."

"Bado!" Akawageukia majirani, dirisha na kamba ya nguo. "Na nyinyi, mumesikia? Iko na sukari. Sasa mwende mukaeneze muzuri, musikosee."

Dirisha likafungwa. Mama Rachidi akaingia ndani akijipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

Rachidi akakaa, akanawa, akameza dawa zake mbele ya mke wake kwa mara ya kwanza. Akafunua sahani. Akala. Alikula polepole mwanzoni, kama mtu asiyeamini, halafu akasahau kuona aibu. Akakwangua mchuzi kwa ndizi. Akanyonya mfupa. Mwantum alisimama na mwiko mkononi, ana kiu, ana njaa, na furaha ikamjaa mpaka akaogopa itaonekana.

"Niongezee kidogo," Rachidi alisema.

Miezi mitatu alikuwa anasubiri maneno hayo.

"Apana."

"Kijiko moja tu, ya mchuzi."

"Rachidi, nimesema apana. Imetosha."

"Lakini iko mingi pale mu sufuria!"

"Itabaki mu sufuria."

Rachidi akaitazama sufuria, akamtazama mke wake, akaona machozi yanavyotiririka huku anacheka. Akasukuma sahani mbele bila kubishana tena.

"Utanikasirikia mpaka lini?" aliuliza.

"Sijui. Sana. Na ukinificha tena kitu, hata jino ikikuuma, hata kikohozi, naenda na sirudi. Unasikia?"

"Nasikia."

"Na uende umwambie Nella aksanti. Umwambie nitakuja kisha Idi, anionyeshe ile mukeke ya mvuke."

Rachidi akanawa, akasimama, akataka kumshika mkono, akakumbuka mtaa mzima unasikiliza nyuma ya kuta. Akarudi kazini. Kutoka nyumbani mpaka gereji yake ni hatua mia mbili, na Mwantum alizisikiliza zote mpaka kelele za nyundo zikazimeza.

Mama Rachidi alimkuta ameinama kwenye beseni la maharage.

"Mwanangu, najua vile Massoudi alikuacha. Hakuna mutu atakulaumu ukienda. Utaweza hii tena?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Naogopa."

"Na hiyo maharage ni ya nini? Ya futari si iko tayari?"

"Ni ya kesho. Ya saa sita."

Mama Rachidi akavuta kigoda, akakaa karibu naye, na wote wawili wakaanza kutoa mawe kwenye maharage.